Printer ya kliniki ilibaki na mstari mmoja tumboni, nikatafuta mtoto Silanga nzima

Wakuu, salamu kwa wote, wa code na wa screwdriver.

Mimi ni yule wa kusoma nyuzi za wengine na kupita kimya. Hii nimeamua kuiandika kwa sababu nimechoka kuibeba peke yangu. Majina nimebadilisha na kliniki sitaitaja. Mengine yote ni vile yalivyotokea, na chumvi sijatia, maana hata bila chumvi bado hainishuki kooni.

Nina kibanda cha kutengeneza printer na simu pale Kabiro, Kawangware. Hizi printer ndogo za risiti, zile hazitumii wino, ndizo zinanilisha. Butchery, duka la gesi, hoteli za chapati, wengi wao nimewawekea mimi.

Sasa kuna kliniki moja ndogo Kibera, upande wa kuteremka Silanga. Dirisha la dawa linakaliwa na dada anaitwa Nekesa. Daktari akishaandika dawa, Nekesa anaingiza kwenye simu, na kiprogramu nilichomwandikia kinatuma kwa printer. Inatoka lebo yenye jina la mgonjwa, jina la dawa na jinsi ya kuinywa. Nekesa anaikata na kuibandika kwenye chupa na selotepu.

Kitu kidogo kabisa. Ndiyo maana sikuwahi kukiogopa.

Basi siku moja Nekesa akanipigia na malalamiko mawili. Kwanza, karatasi inaisha haraka kwa sababu chini ya kila lebo kuna nafasi nyeupe kubwa ya bure. Pili, wagonjwa hawaoni maagizo ya kunywa dawa, yamejificha katikati kwa herufi ndogo.

"Weka dose mahali mtu anaona hata akiwa ametoa miwani," akaniambia. "Na hiyo 'Ugua pole' utoe, haiponyi mtu."

Nikacheka. Nikaenda asubuhi yake, nikafungua code nikiwa nimesimama hapo dirishani, laini ya wagonjwa imejaa hadi nje. Nikaipeleka dose chini kabisa, iwe mstari wa mwisho, herufi kubwa. Nikafuta "Ugua pole". Nikafuta na ile nafasi nyeupe yote iliyokuwa chini yake. Juu nikaacha mistari miwili mitupu ili lebo moja isigusane na nyingine.

Hapo kwa kufuta nafasi nyeupe ndipo shida yote ilipo. Wale mnaojua mshaanza kushika kichwa. Wasiojua nitawaeleza, msikimbie.

Kwa majaribio nilitoa lebo tatu mfululizo. Ya kwanza safi. Ya pili safi, dose kubwa chini inasomeka kutoka mlangoni. Ya tatu mwisho wake haukuonekana, lakini hilo halikunishtua. Kichwa cha printer kiko ndani, meno ya kukatia yako nje, kwa hivyo mwisho wa karatasi huwa umebaki mdomoni kila wakati. Nikajiambia dose iko hapo ndani, Nekesa akibonyeza kitufe cha feed, kile cha kusukuma karatasi, itatoka.

Sikubonyeza. Nilikuwa na mteja wa butchery ananingoja Kawangware. Nikamwambia Nekesa, "Iko sawa, dose sasa ni kubwa," nikaondoka. Sikumwambia iko juu au chini. Nani angefikiria ni jambo la kuambiwa?

Asubuhi hiyo mambo yalienda vizuri, na ni vizuri mjue kwa nini. Nekesa akiwa na laini ndefu hatoi lebo moja moja. Anaingiza wagonjwa kadhaa, anaacha karatasi ining'inie kama utepe wa harusi, halafu anakata kwa macho kwenye nafasi nyeupe, ya mwisho ikibaki imening'inia hadi nyingine ifuate. Ni mtindo wake, na kila dirisha la dawa mtaani lina mtindo wake.

Mchana watu wakapungua. Nekesa akaanza kutoa lebo moja, anakata, anabandika. Mmoja anaenda, mwingine anakuja.

Nilikuwa nimekaa kibandani nakula githeri simu ilipolia. Nekesa. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kucheka.

"Niaje fundi. Hebu niambie, tembe mtu anakunywa aje nusu kijiko?"

"Tembe gani?"

"Kuna mama nimempea tembe za mgongo. Lebo imetoka imeandikwa juu kabisa, nusu kijiko mara tatu. Nimeiangalia nikasema huyu fundi ameanza kuvuta nini."

Mimi pia nikacheka. Nikamwambia ameingiza vibaya, aingize tena. Akaniambia hajaingiza vibaya, kwa simu imeandikwa tembe moja. Akanitumia picha.

Nikaiangalia ile picha, nikaweka githeri kando.

Dose ilikuwa juu ya lebo. Mimi niliiweka chini. Chini hapakuwa na kitu.

Wakuu, nieleze kidogo. Printer hizi hazichapishi herufi ikifika tu. Zinaweka maneno kwenye memory, zinangoja. Kuna character moja isiyoonekana, tunaita line feed, inayokuja mwisho wa mstari. Hiyo ndiyo inaiambia printer kwamba mstari umeisha, sasa uchapishe. Isipokuja, printer inashika huo mstari na kutulia. Hailalamiki, haiwashi taa nyekundu. Kitufe cha feed kwenye aina hii kinasukuma karatasi tu, maneno yanabaki ndani.

Mimi nilipofuta nafasi nyeupe, nilifuta na line feed ya mstari wa mwisho. Kwa hivyo dose ya kila mgonjwa ilikuwa inabaki tumboni mwa printer. Lebo inayofuata ikija na ile mistari yangu mitupu ya juu, ndiyo inaisukuma itoke.

Ukitoa mfululizo bila kukata, dose inatoka chini ya lebo yake na kila kitu kinaonekana sawa. Ukikata kabla, dose yako inatoka juu ya lebo ya mwenzako.

Na lebo ya mwenzako haionekani mbovu. Ina jina lake, ina dawa yake, na ina dose moja kubwa hapo juu. Nekesa alikuwa ameomba dose ionekane, akaiona juu, akafurahi nimemsikiza.

Nikampigia tena. 

"Kabla ya huyu mama wa tembe, ulihudumia nani?"

"Dani mmoja na mjukuu wake. Mtoto alikuwa na homa, nikampea syrup."

Dani ni nyanya kwa Kijaluo, na Kibera hata sisi Wakamba tunawaita hivyo.

"Hiyo nusu kijiko ni ya nani?"

"Ni ya huyo mtoto," akasema.

"Na kabla ya mtoto?"

"Mzee wa kikohozi. Wa mwisho wa ile laini ya asubuhi. Yake haikuwa na dose, nikadhani karatasi imekwama, nikamwandikia na biro."

"Dose yake ilikuwa ngapi?"

Nikamsikia akipekua karatasi za daktari.

"Vijiko viwili," akasema. "Mara tatu. Fundi, huyo mtoto hajafikisha hata mwaka."

Hapo kicheko kikatuisha wote wawili.

Nikamwambia ampigie dani. Akasema namba iliyoandikwa ni ya mama ya mtoto, anafanya kazi ya nyumba upande wa Lavington, na akiwa kazini simu huzimwa. Alijaribu. Mteja hapatikani. Akajaribu tena. Daktari alikuwa ametoka, ameitwa kwa mama anayejifungua. Nikamwambia afunge dirisha, mimi nakuja, na asitoe lebo nyingine hata ya panadol.

Kibanda niliacha wazi. Nilimpigia kelele mama wa nguo aliye karibu nami aniangalizie, nikapanda boda.

Sitawadanganya kwamba njiani nilikuwa nawaza mambo ya busara. Nilikuwa namhesabia dani. Ametoka kliniki, amefika nyumbani, amemkalisha mtoto, amefungua chupa. Nikiona taa nyekundu namwambia wa boda apite. Akaniuliza kama nafukuzwa.

Ni homa gani mtu angojee jioni ndio ampe mtoto dawa? Hakuna. Ukifika nyumbani mtoto analia, unampa hapo hapo. Hilo nililijua kwa sababu na mimi nina msichana mdogo, na hivyo ndivyo ningefanya.

Nekesa nilimkuta nje ya kliniki, amevaa koti lake jeupe, mkono mmoja ameshika simu na mwingine kifuani. Hatukusalimiana. Tukateremka.

Alichojua ni kwamba dani anakaa Silanga na anaitwa Dani Apiyo. Basi. Mnaoijua Silanga mnajua hiyo ni sawa na kuuliza Kamau kule mji wa Kikuyu, wamejaa. Mlango wa kwanza, hawamjui. Mlango wa pili kuna Apiyo lakini ni msichana wa shule. Kijana mmoja akatuelekeza kwa ujasiri mkubwa mahali ambapo tulikuta nyumba imefungwa kufuli, na nilibisha hilo bati mpaka jirani akatoka kunitukana.

Nekesa alianza kulia bila sauti, huku anatembea. Nilitaka kumwambia si makosa yake, lakini nilikuwa na hasira, na nitasema ukweli, kwa dakika chache hasira hiyo ilikuwa kwake. Kwa nini aliona dose iko juu asiulize? Kisha nikakumbuka nilimwambia "iko sawa". Nikaenda kubisha mlango mwingine.

Mama mmoja wa makaa ndiye alitusaidia. Alituangalia tukipita mara ya pili akatuita.

"Nyinyi mnatafuta nani na hiyo mbio?"

"Dani Apiyo. Ana mjukuu mgonjwa."

"Madani hapa ni wengi. Ni yule wa shamba ya sukuma kule dam? Mtoto ni wa Akinyi?"

Nekesa akaangalia simu. Mama ya mtoto ni Akinyi.

Mama wa makaa akafunika magunia yake na kutupeleka mwenyewe, mikono myeusi, anapita kwenye vichochoro ambavyo mimi singevijua hata kwa ramani. Hakuuliza tena kuna nini. Nadhani aliona nyuso zetu.

Dani alikuwa amekaa nje kwenye kiti kifupi, anachambua sukuma. Mtoto alikuwa kwenye leso kando yake, amelala.

Amelala. Nikainama kuangalia kama anapumua.

"Dani, mtoto umempea dawa?" Nekesa akauliza.

"Nimempea. Alikuwa analia sana. Sasa amelala, dawa yenu ni nzuri."

"Umempea ngapi?"

"Si vile mliandika. Vijiko viwili." Akatuonyesha kijiko. Kilikuwa kile kikubwa cha kulia wali.

Nekesa akapiga magoti, akamshika mtoto, akamwita jina, akampapasa mguu. Mtoto akafungua macho, akakunja uso, akaanza kulia kwa hasira ya mtu aliyeamshwa. Sijawahi kupenda kilio hivyo maishani mwangu.

Mimi ndiye nilimwambia dani. Sikumzungusha. Nilimwambia lebo ina makosa, dose ni ya mtu mwingine, mashine yangu ndiyo imechanganya, na mtoto lazima aende hospitali sasa hivi. Dani alimweka mtoto mgongoni, akafunga leso, akauliza tunapitia wapi.

Hospitali kubwa walitupokea vizuri. Daktari wa pale aliiangalia chupa, akapima mtoto kilo, akauliza amepewa mara ngapi. Mara moja. Akauliza tena, ni kweli ni mara moja? Dani akasema mara moja, ya pili alikuwa anangoja jioni.

Daktari akatuambia mara moja kwa kilo zile anatarajia mtoto atakuwa sawa, lakini lazima atolewe damu na akae waangalie. Halafu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba angeendelea hivyo mara tatu kwa siku, wangekuwa wanazungumza nasi mambo ya maini kuharibika. Akaenda zake kwa mgonjwa mwingine.

Tukangoja kwenye benchi. Kungoja majibu ya damu ya mtoto wa mtu, ukijua ni wewe, ni kitu siwezi kuwaeleza. Kila mtu wa koti jeupe akipita nilikuwa nasimama. Nekesa alikuwa anasoma ile lebo tena na tena, jina la mtoto chini, vijiko viwili juu.

Dani alikuwa katikati yetu. Halafu akaongea bila kutuangalia.

"Nilijua ni mingi."

Tukamgeukia.

"Nimelea wangu wote, nimelea wa Akinyi. Nilishika kijiko nikasema hii ni mingi kwa mtoto. Kama ni mkono wa mtu ungekuwa umeandika, ningerudi kuuliza. Mkono huwa unakosea. Lakini hii imetoka kwa mashine. Nikasema labda ni mimi sijui."

Hakusema kwa kulaumu. Ningependa angelaumu.

Majibu yalikuja mazuri. Wakamwangalia mtoto zaidi, wakarudia kipimo, tena mazuri. Akinyi alifika kutoka kazini akiwa bado na aproni, na yeye alitulaumu vya kutosha kwa niaba ya familia nzima. Nilimwacha amalize. Alikuwa na haki.

Upande wa kiufundi, nilirekebisha siku iliyofuata, na naweka hapa kwa wale mnaotuma data kwa printer hizi.

Mstari wa mwisho lazima uishie na line feed. Usiamini editor yako, usiamini macho, kwa sababu kitu chenyewe hakionekani. Halafu mwanzo wa kila kazi tuma ile amri ya kuianzisha printer upya. Inafuta chochote kilichobaki kwenye memory, ili hata ukikosea, mabaki ya mtu yasimfikie mwingine. Mimi nilikuwa nimeiacha kwa sababu bila hiyo ilionekana inafanya kazi. Na ukitest, toa moja, kata, badilisha jina na kila kitu, toa nyingine, kata. Test vile kazi inafanywa siku watu ni wachache. Bug yangu ilikuwa inajificha kwenye laini ndefu.

Nekesa naye ameweka sheria yake dirishani. Kabla ya selotepu anamsomea mgonjwa lebo kwa sauti, akiwa ameshika maandishi ya daktari mkono wa pili. Laini inaenda polepole na watu wananung'unika. Haachi.

Nilidhani hapo yameisha.

Juzi nilikuwa pale kliniki nabadilisha roller ya kuvuta karatasi, dani akaja na mjukuu. Kikohozi kidogo tu, mtoto amenenepa, anavuta kila kitu. Nekesa akaingiza, lebo ikatoka, akasoma kwa sauti, akabandika, akampa. Sasa lebo iko sawa kabisa. Nimeipima kuliko kitu chochote nimewahi kutengeneza.

Dani hakuondoka. Alikuja upande wangu, akanipa chupa.

"Soma."

Nikasoma. Jina, dawa, nusu kijiko mara mbili.

"Wewe uko na mtoto?"

"Niko na msichana, dani."

"Hii ungempea?"

Wakuu, ile code naijua herufi kwa herufi. Lakini kusema ndiyo kwa kuamini karatasi pekee, hapana. Nilichukua ile chupa nikaenda nayo mpaka kwa daktari, nikabisha, nikamwomba aandike dose na biro juu ya lebo yangu. Akaandika. Dani akaangalia ule mwandiko mbaya wa daktari, akakubali kwa kichwa, akaweka chupa kwenye kikapu na kwenda.

Funzo langu ni hilo. Karatasi ikitoka kwa mashine, mtu anaacha akili yake ili aifuate. Sisi tunaozitengeneza tunaona ni mistari tu.

Sasa nyinyi mnaotengeneza vitu vya aina hii, hospitali, shule, popote, njooni tuongee. Swali la dani mngelijibu vipi? Na kama unataka kunitusi, karibu pia, nitasoma yote.